"Uncle" ni mjomba, au ni baba mdogo?

SWALI: Mwanangu yuko darasa la pili. Kwenye zoezi la Kiingereza waliambiwa waandike maana ya father, mother, brother, sister, uncle, aunt na cousin. Penye uncle akaandika "baba mdogo", akakoseshwa, na pembeni mwalimu ameandika "mjomba". Nani kapata? (Mama wa mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Mwanao kapata, mama. Mjomba pia ni jibu sahihi, ila mwalimu hakuwa na haki ya kumkosesha mtoto. Uncle wa Waingereza ni ndugu wa kiume wa baba au wa mama, na hata mume wa shangazi humo humo. Sisi pale tuna baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, na watu wa Pwani wana amu au ami kwa ndugu wa baba. Aunt naye ni shangazi, mama mkubwa au mama mdogo. Ukimuuliza mtoto neno moja tupu, lolote kati ya hayo ni jibu.

Zoezi hilo limeisha. Ninalotaka kulisema hasa ni kile kinachotoka kwenye daftari kikaingia sebuleni. Mtoto akishakariri kwamba uncle ni mtu wa aina moja, akifika nyumbani anamwita bamdogo wake "anko", mjomba wake "anko", na rafiki wa baba aliyekuja kuangalia mpira naye "anko". Wazazi wanafurahi, mtoto anajua Kiingereza. Mimi nasema mtoto ameporwa ukoo wake, na walioporwa zaidi ni hao wanaume watatu.

Nilihudhuria kikao cha mahari, upande wa binti. Mshenga karatasi iko mkononi, anasoma kimoja kimoja: mkaja wa mama umetajwa, umepita. Wakafika kwenye mbuzi wa mjomba. Wale wageni wakauliza kwa adabu, mjomba wa binti ni yupi, tumtambue? Binti akaitwa kutoka chumbani atuonyeshe. Akasimama mlangoni na khanga yake, akanyoosha mkono kwenye makochi ya ukutani: "Maanko zangu ni wale pale."

Pale walikaa wanaume watano. Watatu walikuwa wadogo zake baba. Wa nne alikuwa jirani. Wa tano, mzee wa kanzu aliyekaa mwisho kabisa karibu na dirisha, ndiye pekee aliyezaliwa tumbo moja na mama wa binti. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi, kwa sababu kwao posa ya mpwa haifungwi bila mjomba. Binti alimjua vizuri na anampenda, lakini neno la kumtenga na wengine hakuwa nalo. Mzee akatazama chini, akawa anakunja na kukunjua kofia yake. Ikabidi mama mtu atoke jikoni na mikono yenye unga, aseme kwa sauti: "Kaka yangu ni yule."

Na msidhani mjomba ndiye pekee aliyekosewa siku ile. Wale bamdogo watatu nao walivuliwa ubaba mbele za watu. Mmoja wao ndiye aliyemlipia binti ada tangu kidato cha kwanza. Baba mdogo ni baba, jina lenyewe limeshasema. Baba akiwa safarini ndiye anayeitwa shuleni, baba akifariki ndiye anayesimama penye msiba na penye harusi. Ukimwita "anko" umemhamisha kutoka kwenye ubaba, umemweka kwenye kundi moja na jirani.

Tena ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe walikuwa na utajiri huu wakaupoteza. Kiingereza cha kale kilikuwa na eam kwa mjomba, na fædera kwa ndugu wa baba, neno lililojengwa juu ya fæder, yaani baba, kama sisi tulivyojenga baba mdogo. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 Kifaransa kikaingia, na baadaye uncle akaja, akazifuta zote mbili. Asili yake ni avunculus ya Kilatini, ambaye alikuwa mjomba tu. Ndugu wa baba Warumi walimwita patruus. Aunt ametoka kwa amita, na amita ni shangazi. Wenzetu walibakiwa na mjomba mmoja na shangazi mmoja wa kubeba ukoo mzima. Sisi tunazo zote, tunazitupa kwa hiari.

Na cousin? Zoezi lile bila shaka lilitaka "binamu", na hapo napo nina ugomvi. Binamu ni bin amu, mtoto wa amu, neno la Kiarabu. Lakini huku bara, kwenye nyumba nyingi, binamu ni mtoto wa mjomba au wa shangazi, yule wa kutaniana naye, ambaye watu wamemsemea kwamba binamu nyama ya hamu. Sasa mtoto anafundishwa kumwita mtoto wa baba mdogo "binamu"! Huyo ni kaka yake, ni dada yake. Mtoto wa mama mdogo vilevile. Kwa familia za Pwani, ambako watoto wa amu huoana, hesabu ni nyingine, na wao wanaijua. Sisi wengine, kumwita dada yako kwa jina la mtu wa kutaniwa "nyama ya hamu" ni kosa zito kuliko la sarufi.

Barabarani sina neno. Kijana akimwambia konda "anko, nishushe hapo mbele", au mteja akimwita fundi cherehani "anti", maneno hayo yana kazi yake: yanampa heshima mtu usiyejua jina lake wala ukoo wake. Kwa kazi hiyo yabaki. Mlangoni pa nyumba yaishie.

Kwa hiyo mama, usifute jibu la mwanao. Chini yake mwandikie kwa penseli, "Baba mdogo: mdogo wake baba. Mjomba: kaka au mdogo wa kiume wa mama", umpelekee mwalimu, umwombe zoezi lijalo aandike "my father's brother" au "my mother's brother", ili kila mtoto ajue anaulizwa nani. Na jioni, bamdogo akipita, mtoto amwamkie: "Shikamoo, baba mdogo."