Kabla hujamtoa mtoto mwenye usonji shuleni umsomeshe nyumbani hapa Texas, soma hii kwanza

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, hasa hapa Texas, naandika hii kwa sababu mwezi uliopita dada mmoja alinipigia saa nne usiku analia, shule imemwita tena kazini aje kumchukua mtoto, mara ya tatu wiki hiyo, anasema basi, namtoa, nitamfundisha mwenyewe. Nikamwambia dada, kumtoa unaweza na sheria inakuruhusu, ila hiyo barua usiitume leo.

Mimi niliituma kwa hasira. Mwanangu ana usonji, wakati huo alikuwa na miaka saba, kelele za kantini zikizidi anaziba masikio anaingia chini ya meza na hatoki mpaka nije. Alikuwa na IEP, ule mpango wake wa elimu maalumu, na mtaalamu wa matamshi alikuwa anamwona mara mbili kwa wiki. Asubuhi nikaandika imeili ya mistari mitatu, mchana wakajibu wameipokea, na wiki hiyohiyo tiba ya matamshi ikakatika. Hakuna aliyeniambia kwamba ile IEP ni wajibu wa shule ya serikali kwa mtoto anayesoma kwao, ukimtoa haimfuati nyumbani.

Kwa upande wa kusomesha nyumbani Texas haina shida. Kwenye kesi ya Leeper mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Texas ilikubali kwamba shule ya nyumbani ni aina ya shule binafsi. Hutakiwi kusajili popote, huulizwi cheti cha ualimu, hakuna mtihani wa serikali. Unatakiwa ufundishe kweli, uwe na vitabu au masomo ya kwenye kompyuta yanayoonekana, na yawemo kusoma, spelingi, sarufi, hesabu na uraia mwema. Mtoto mwenye mahitaji maalumu hawekewi sharti la ziada. Kama alikuwa shule ya serikali waandikie kwamba unamtoa kumsomesha nyumbani kuanzia tarehe fulani, usiache tu kumpeleka maana atahesabiwa mtoro.

Sasa kwenye huduma ndipo pagumu. Sheria ya nchi nzima, IDEA, inailazimisha distrikti ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za serikali za eneo lako, kuwatafuta na kuwatathmini bure watoto wote wenye ulemavu, hata wa shule binafsi, na huku Texas wa nyumbani wanahesabiwa humo. Kwa hiyo haki ya tathmini inabaki. Lakini tiba yenyewe ni habari nyingine, distrikti inatenga fungu dogo kwa watoto wote wa shule binafsi halafu inaamua ni huduma gani itatoa na kwa nani, na hakuna mtoto mmoja mmoja anayeweza kudai kama anavyodai mwenye IEP. Mwanangu alitathminiwa upya, ripoti nzuri kabisa, kurasa nyingi, tiba hakupata.

Ndiyo maana nasema omba tathmini kamili angali shuleni, na uombe kwa maandishi. Ukiomba kwa mdomo utaambiwa tusubiri kidogo, na hiyo tusubiri kidogo inaniuma sana kwa sababu Texas ilikaa miaka na kikomo cha asilimia 8.5 ya wanafunzi wa elimu maalumu, watoto wengi wakanyimwa, mpaka Januari 2018 wizara ya elimu ya Marekani ikatamka kwamba sheria ilivunjwa. Ukiandika, wana siku 15 za shule kukujibu, na ukishasaini ridhaa wana siku 45 za shule kumaliza ripoti. Usipokubaliana nayo unaweza kuomba tathmini huru kwa gharama yao, wakikataa ni wao wanaotakiwa kwenda kujitetea.

Kwenye kikao cha ARD, kile ambacho shule na mzazi mnakaa kuamua elimu maalumu ya mtoto, kama Kiingereza kinakusumbua dai mkalimani wa Kiswahili, ni jukumu lao, usikubali binti yako wa miaka kumi na mbili ndiye akutafsirie mambo ya mdogo wake.

Na kabla hujamtoa tafuta tiba nje ya shule. Kama mtoto ana Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, daktari wake anaweza kuandika kwamba anahitaji tiba ya matamshi na italipiwa bila kujali anasoma wapi, hiyo ndiyo iliyotuokoa sisi. Halafu ile sheria ya Texas ya 2025 ya akaunti za elimu, yaani pesa za serikali za kumlipia mtoto masomo nje ya shule ya serikali, wengi wanasikia dola 30,000 wanadhani ni ya kila mtoto mwenye ulemavu, hapana, hicho ni kiwango cha juu kwa anayekwenda shule binafsi akiwa na IEP, wa nyumbani mwisho ni dola 2,000.

Mlioko majimbo mengine msinifuate mimi neno kwa neno. Pennsylvania mpango wa mtoto mwenye mahitaji maalumu lazima uidhinishwe na mwalimu wa elimu maalumu mwenye leseni au mwanasaikolojia, New York unapeleka ripoti kila robo na huduma unaziomba kwa maandishi kabla ya Juni 1.

Mwanangu sasa tunahesabu maharage mezani jikoni, kumikumi kwenye vikombe vya chai, na akichoka anaruhusiwa kwenda chini ya meza na kitabu chake, naendelea kumsomea huko huko. Na yule dada amesaini ridhaa Jumanne, barua ya kumtoa ipo tayari kwenye droo, haina tarehe, anasubiri ripoti.