Risasi Zikienda Kando, Usikimbilie Kulaumu Kidole

Jumamosi nimepiga bunduki kwa umbali wa mita 500 na matundu yote yamekaa katikati ya shabaha. Nimefurahi mno, maana kwa muda mrefu wazee wa uwanjani walikuwa wananiambia, "Mama, unaogopa mlio, ndiyo maana kidole chako kinavuta kifyatulio kwa ghafla." Wakanishauri nirudi kwenye bastola. Yaliniuma, na bado yananiuma. Mita 100 nilikuwa nawashinda baadhi yao. Nikirudi nyuma tu, risasi zinakwenda kulia. Kidole kibaya kingeniharibia hata pale karibu.

Tatizo lilikuwa darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki. Fundi niliyemlipa pesa nzuri hapa Nairobi aliifunga kwa macho tu. Bunduki ikinyooka, msalaba wa ndani unalala kulia. Ukipandisha darubini, yaani ukizungusha kirungu chake cha kupandisha mapigo, kufidia kudondoka kwa risasi, hupandi wima, unapanda mshazari. Digrii 3 hukupeleka kando sentimita 5 kwa kila mita 1 unayopandisha. Kwa bunduki ya kaliba .308 iliyorekebishwa ipige katikati kwa mita 100, ukifika 500 unapandisha kama mita 2. Piga hesabu.

Nenda River Road ununue timazi, ile ile ya waashi. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu. Ning'iniza timazi pasipo na upepo. Ibane bunduki imara, weka pima maji ndogo juu ya reli ya bunduki mpaka kiputo kikae kati, kisha chungulia na uzungushe darubini: mstari wa wima wa msalaba uulalie uzi kutoka juu hadi chini. Kaza skrubu za pete zinazoshika darubini kidogo kidogo, kwa zamu, kwa sababu ukikaza upande mmoja kwa nguvu darubini huzunguka. Chungulia tena. Hapo ndipo wengi hukosa subira.

Ukiwa uwanjani, chora mstari wima kwa timazi kwenye karatasi ndefu, mita 100. Lenga ncha ya chini ya mstari, piga. Pandisha darubini sana, lenga pale pale, piga tena. Matundu yaufuate mstari. Na ufunge pima maji kwenye darubini, uitazame kabla ya kila risasi, kwani ardhi yenye mteremko hudanganya jicho.

Vijana, acheni kumaliza mshahara kwa darubini za bei ghali kabla ya kunyoosha mlizo nazo. Nanyi kina dada, mtu akiwaambia mnaogopa mlio, mpeni bunduki hiyo hiyo alale chini apige yeye.