Muulize Shangazi: Bima ya kwenda China ya nini wakati kadi ya NHIF ninayo?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni mfanyabiashara wa Ujiji hapa Kigoma, nauza mabegi na viatu vya kike, miaka yote nachukua mzigo Kariakoo ila mwaka huu nimejichanga na wenzangu wawili twende wenyewe Guangzhou. Sasa ajenti wa tiketi kaniongezea hela ya bima ya safari, mume wangu anasema huo ni ulaji tu, kadi ya NHIF, ile bima ya afya ya taifa, ninayo na siku zenyewe ni 12. Presha ninayo ila dawa nameza vizuri. Nilipe au hiyo hela niongezee kwenye mtaji?
*Mama Mabegi, Ujiji*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuiruka Kariakoo. Nianze na hiyo kadi, inatibu hapa hapa Tanzania, ukishagongewa muhuri wa kutoka pale uwanja wa ndege inabaki picha yako tu kwenye pochi. Usiihesabu kabisa.

Mi hili nalijua kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma jirani yangu alienda huko huko China, siku ya nne kidole tumbo kikamshika usiku, wenzake wakamkimbiza hospitali, na kule hospitali nyingi kabla hujalazwa unatanguliza hela kaunta ndo mengine yafuate. Hela yake yote alishailipa kiwandani. Wakatuma meseji kwenye grupu la WhatsApp tuchange, sasa China wako mbele yetu masaa 5, kwao saa 2 asubuhi huku Kigoma ni saa 9 usiku, tumelala fofofo! Tulivyoamka tukachanga, na tulichanga kweli kweli, ila hela iko kwenye simu ya mweka hazina huku mtaa wa Mwanga na mgonjwa yuko Guangzhou, tukaanza kumtafuta mtu Dar anaejua kuituma, mpaka jioni. Kilichomuokoa ni mwenzake mmoja alikua hajalipia mzigo wake, akatoa. Jirani alirudi mzima, ila deni lile kalilipa karibu miaka miwili.

Kwa hiyo mumeo mwambie shangazi kasema lipa. Watu wetu wakikusikia unaumwa watachanga tu, shida ni kwamba hospitali haiwasubiri. Ukiwa na bima kuna namba ya dharura inapokelewa masaa 24, mnapiga KABLA hujalazwa, wao wanaongea na hospitali na kuidhamini malipo. Ukijiendea kimya kimya ukalipa mwenyewe unaweza kurudishiwa kama una risiti na ripoti ya daktari, ila hapo jiandae kuzungushwa. Na hiyo namba muwe nayo wote watatu, maana ukizimia simu yako ina pasiwedi nani ataifungua?

Sasa hiyo presha, hapa ndo penyewe. Usiifiche kwenye fomu ili bei ishuke, bima nyingi za bei ya chini hazigusi ugonjwa uliokua nao kabla ya safari, ukianguka kule wakakuta kwenye rekodi una presha na hukusema, wanakutosa mchana kweupe. Iseme, waulize wanaibeba au hawaibebi, na jibu wakupe kwa maandishi, sio la mdomo la ajenti. Dawa beba za siku zaidi ya hizo 12 na uziweke kwenye begi la mkononi, sio kwenye lile utakaloliachia ndege.

Angalia pia kama inalipia kurudisha mwili nyumbani. Najua hatupendi kuyaongea haya ila hiyo gharama ikiangukia familia ni balaa. Bei inaenda na siku na eneo, lile linalojumuisha Marekani na Canada ndo ghali, wewe huendi huko usilipishwe. Ila usijidanganye, bima hii inaweza kulipa begi lako la nguo likipotea lakini mzigo wa biashara kwa kawaida haumo. Na hakikisha kampuni imesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, usikubali kupewa risiti ya ajenti tu.

SWALI: Shangazi mi niko Tabora, nimepata kozi fupi Ujerumani, hivi bima ni lazima?
*Kijana wa Ipuli*

JIBU: Wewe huna hata cha kuuliza mwanangu, viza ya muda mfupi ya Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja na Ujerumani imo, bila bima hupewi. Iwe ya angalau euro 30,000, ifanye kazi nchi zote 29 za Schengen na iwe na matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Tarehe zake zifunike siku zote utakazokaa, ikipungua hata moja wanakurudisha. Ila kabla hujalipa waulize, viza ikigoma hela wanarudisha?