Ukienda Petersburg, nenda majani yakishapukutika

Mara ya kwanza nilifika Petersburg, Virginia, huko Marekani, kuona matuta ya udongo yaliyoachwa na vita, mwezi wa Julai. Niliona vichaka tu, nikarudi Maryland na kupe wawili mguuni. Nikaenda tena Desemba, miti ikiwa mitupu, na hapo ndipo matuta yalipojitokeza. Kwa hiyo subirini majani yapukutike, kisha mfike asubuhi na mapema au jua likielekea kuchwa. Jua la utosini hufuta vivuli, na bila kivuli, tuta lililolika kwa zaidi ya miaka 150 unaweza kulipita usilione.

Majeshi ya Kaskazini na Kusini yalikabana Petersburg kuanzia Juni 1864 hadi Aprili 1865, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Askari walichimba mahandaki, udongo wakaurundika mbele ukawa ukuta. Wakasuka matenga ya fito na kuyajaza udongo ili kingo zisiporomoke. Matenga yameoza zamani. Udongo umebaki kwa sababu mizizi na majani makavu yameushika. Niliinama pembeni ya tuta moja, mahali watu walipozoea kukatiza: kijia chembamba cha upana wa unyayo, hakina hata jani, na mvua imeshaanza kukichonga mfereji. Tafadhalini, msipande juu ya matuta. Waambieni watoto kabla hawajashuka garini, maana wakishaona kilima hawasikii tena.

Kwenye Crater, yaani shimo lililoachwa na mlipuko, msiharakishe. Askari wa Kaskazini waliokuwa wachimba makaa ya mawe huko Pennsylvania walitoboa njia ya chini kwa chini ya zaidi ya mita 150 hadi chini ya ngome ya Kusini, wakaijaza baruti zaidi ya tani 3 na nusu, wakailipua alfajiri ya 30 Julai 1864. Leo shimo lenyewe ni bonde dogo la nyasi, na mabonyeo yaliyojipanga mstari yanaonyesha njia ilikodidimia. Baada ya mlipuko, askari weusi wa Kaskazini nao waliingizwa vitani, wakiwamo watu waliotoka utumwani. Baadhi ya vikosi vyao viliundwa hapa Maryland ninakoishi. Wako waliouawa wakiwa wameshajisalimisha.

Wageni wengi huegesha gari, wakachungulia shimo, wakaondoka. Ninyi shukeni hadi kwenye mdomo wa ile njia, upande walikotokea askari wa Kaskazini, kisha mpande taratibu kwa miguu kuelekea shimoni.