Maswali Yenu: Anayeongea peke yake jukwaani, tumkate?

SWALI: Dada mhariri shikamoo. Tuna kikundi cha maigizo huku Nkuhungu, tumechukua Juliasi Kaizari ya Shakespeare, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere, tunafanya mazoezi kila Jumamosi. Sasa wenzangu wanasema zile sehemu mtu anasimama anaongea mwenyewe tuzikate tubakize visu na vita, eti watazamaji watachoka. Mi roho inagoma ila sina cha kuwajibu. (Msomaji, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msikate, na nakuomba uwasomee wenzako jibu hili kabla hawajashika kalamu.

Mchukue Brutus, rafiki wa Kaizari mtawala wa Roma, usiku ule bustanini kwake. Anaanza kwa kusema Kaizari lazima afe, halafu ndo anatafuta sababu, na sababu hana, anakiri mwenyewe kwamba hana ugomvi naye wowote wa binafsi. Mwingine angeishia hapo akaenda kulala. Yeye anaendelea kuongea, anafika kwenye huenda, huenda akivikwa taji atabadilika, na kwenye hiyo huenda anaokota yai la nyoka, kwamba halijauma mtu bado ila livunjwe likiwa yai. Basi, Kaizari kafa palepale. Visu vya kesho yake vinamalizia tu kazi ambayo mdomo umeshaifanya, na ukiikata hiyo sehemu watu wataona mtu anamchoma rafiki yake bila kujua kwa nini.

Na hili si jambo la Roma peke yake. Umegombana na jirani kwa sababu ya zamu ya bombani, umekaa unafua unajisemea mwenyewe, mara nitamwambia hivi, mara hapana nimwache tu, mara kwani yeye nani, ukifika ndoo ya tatu umeshasimama unafuta mikono unaenda kwake. Hakuna aliyekutuma, umejisikia ukiongea ukajiamini.

Tatizo nadhani ni jinsi mnavyoyasema hayo maneno. Niliwahi kukaa kwenye mazoezi ya vijana fulani hapa mjini, kijana alikuwa anaisema hiyohiyo ya Brutus anaangalia dari, sauti moja kama anayekariri, tukaanza kupiga miayo kweli. Alipofika kwenye yai akasahau mstari. Akarudia neno, yai, kwa sauti ya chini, akanyamaza, akalisema tena, na uso ukambadilika kama mtu ambaye ndo kwanza analisikia. Ukumbi mzima ukatulia, mama mmoja aliyekuwa anamenya karanga akaacha. Kwa hiyo mwambie mchezaji wako asitusomee uamuzi ambao ameshaufanya nyumbani, aufanyie pale mbele yetu, atafute ni neno gani linalomgeuza.

Halafu kuna Antony, rafiki mwingine wa Kaizari, pale msibani. Hana silaha, ana maiti na mdomo, anawasifia wauaji kwamba ni watu waungwana, anarudia, anarudia tena, mpaka neno lenyewe linageuka tusi na mji unawaka moto. Dakika chache baadaye watu wanamuua Cinna mshairi kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa wale wauaji, jamani, jina tu!

Na kama wenzako wanaona haya ni mambo ya Wazungu, waambie wasome Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, kuhusu vita vya Majimaji. Kinjeketile analileta neno maji, neno linaunganisha watu, halafu yeye mwenyewe anakaa na nafsi yake anaanza kulitilia shaka, anawaambia wasubiri, wapi, neno limeshamzidi nguvu aliyelizaa. Mwishoni yuko kifungoni anatakiwa aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, maana anajua akilitamka hilo, watoto wataambiwa kesho kwamba babu zao walikosea kupigana. Hapo hakuna mkuki uliorushwa na mi kila nikiisoma mwili unasisimka.

SWALI: Kwa nini kwenye tamthilia za Wagiriki mtu akifa hatumwoni, anakuja tu mjumbe kusimulia? (Mwalimu wa sekondari, Mpwapwa)

JIBU: Mwalimu, kule mauaji kwa kawaida hayakuonyeshwa jukwaani, na mi naona hawakupoteza kitu. Kwenye Mfalme Edipode wa Sophocles, mjumbe anatoka ndani kutuambia mama yake Edipode, ambaye alimuoa bila kujua, kajinyonga na mfalme kajitoboa macho kwa pini za nguo ya mama huyo, na kichwani kwako unaviona hivyo vidole vizuri kuliko damu yoyote ya rangi. Ila tazama mwanzoni kabisa, pale Edipode anapomlaani muuaji wa Laio, mfalme aliyemtangulia, mbele ya watu wote bila kujua kwamba muuaji ni yeye mwenyewe, kwamba afukuzwe na asipokelewe na yeyote, hata akionekana ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wanafunzi wako waambie waipigie mstari hiyo laana, halafu warudi nayo mwishoni, Edipode anapoomba mwenyewe atupwe nje ya mji.