Ukifundisha jazi, anza na wimbo mmoja

Nafundisha historia ya Marekani, huku huku Marekani, darasa la sita hadi la nane. Walimu wenzangu huniuliza waanzie wapi na muziki wa jazi. Nawaambia: popote, ila msianze na aina zake. Ukiwaandikia watoto wa miaka 12 swing na bebop ubaoni, umewapoteza kabla hujawasha spika. Chagua wimbo mmoja na mwaka mmoja.

Mimi hupenda "Alabama" ya mpiga saksafoni John Coltrane, aliyoirekodi Novemba 1963. Haina maneno. Siwatajii jina wala mwaka, nawaambia tu waandike wanachosikia. Saksafoni inaingia taratibu, piano inanguruma chini yake, katikati bendi inashika mwendo kidogo, kisha inarudi kule kule kwenye majonzi. Wengi huandika "msiba" au "mtu anasali". Ndipo nawaeleza kwamba tarehe 15 Septemba mwaka huo watu wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, walilipua kanisa la Weusi la 16th Street Baptist mjini Birmingham, jimboni Alabama, wakaua wasichana wanne: watatu wa miaka 14, mmoja wa miaka 11. Hapo usiharakishe. Watapiga hesabu wenyewe kuwa ni umri wao. Wapigie tena wimbo ule ule, safari hii wakijua.

Kipindi kinachofuata mlete Louis Armstrong, mpiga tarumbeta na mwimbaji wa jazi. Waonyeshe video akicheka na kujifuta jasho kwa leso. Watampenda papo hapo. Halafu wape habari ya Septemba 1957. Gavana wa Arkansas alitumia askari kuwazuia wanafunzi tisa Weusi wasiingie Central High School, shule ya Wazungu mjini Little Rock. Armstrong, ambaye wengi walimwona ni mtu wa kuchekesha tu, alimshutumu Rais Eisenhower hadharani kwa woga, na akagoma kwenda kupiga muziki Umoja wa Kisovieti kwa niaba ya serikali. Siku chache baadaye Eisenhower alipeleka jeshi kuwalinda watoto wale. Waache wabishane: je, msanii alipaswa kusema? Darasa langu halijawahi kukubaliana, nami siwalazimishi.

Ramani ni lazima. Armstrong alipanda treni kutoka New Orleans, kule Kusini mwa Marekani, kwenda Chicago, Kaskazini, mwaka 1922, kujiunga na bendi ya King Oliver. Kati ya 1910 na 1970, Weusi wapatao milioni 6 waliihama Kusini, wakikimbia ubaguzi na kutafuta kazi za viwandani. Wakiichora ile reli kwa mkono wao, hawakuulizi tena jazi ilifikaje Kaskazini. Tarehe za kuzaliwa wanamuziki, kusema kweli, siziulizi kwenye mtihani.

"Strange Fruit" ya mwimbaji Billie Holiday, ya mwaka 1939, naiweka mpaka darasa la nane. Inahusu watu Weusi waliouawa na magenge na kuning'inizwa mitini, na picha yake ni nzito. Waandikie wazazi wiki moja kabla, na usiipige dakika kumi za mwisho za kipindi. Watoto watatoka na maswali ambayo hukupata nafasi ya kuyajibu.