Barua kwa mwanangu: waache wakupite

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima wa afya. Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia kwamba umejiandikisha kwa mashindano yako ya kwanza ya skii za nyika, zile mbao nyembamba za kutelezea juu ya theluji, kilomita 50 kwa mtindo wa klasiki, yaani ule wa kuteleza skii zikiwa sambamba. Umeniuliza uanze kwa kasi gani ili usiachwe nyuma, na umeniuliza pia kama ni aibu kumaliza miongoni mwa wa mwisho. Swali la kwanza ndilo lenye uzito zaidi, na jibu langu, baada ya miaka mingi ya kushindana na watu wasiolipwa kama mimi, ni kwamba uwaache wakupite.

Najua jibu hilo peke yake halitakutosha. Mchezo huu hutumia miguu, mikono, mgongo na tumbo kwa wakati mmoja, ndiyo maana mapigo ya moyo hupanda kabla hujatambua kwamba umeongeza kasi. Mwanzoni hujachoka, umezungukwa na watu pande zote, na mwendo ambao hutauweza saa tatu baadaye huonekana mwepesi kabisa. Ukizidisha kiasi ambacho pumzi yako inakimudu, misuli hula akiba yake ya sukari kwa pupa, na akiba hiyo, kwa mtu anayejituma sana bila kula kitu, huisha baada ya saa moja na nusu hadi mbili hivi. Wewe utakuwa njiani kwa muda mrefu kuliko huo. Kwa hiyo jipime kwenye kilima cha kwanza: ukiweza kumwambia jirani yako sentensi nzima bila kuikata kwa kuhema, uko sawa; ukishindwa, punguza mwendo, hata kama wanaokupita ni watu wa umri wangu.

Kuna sababu nyingine ya kutulia mwanzoni, nayo ni msongamano. Katika Vasaloppet ya Uswidi, mashindano ya kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora yaliyoanzishwa mwaka 1922, maelfu ya watu hukutana na mlima mrefu muda mfupi tu baada ya kuanza, na wengi hulazimika kusimama na kungoja zamu ya kupanda. Mashindano yenu ni madogo kuliko hayo, lakini hali ya mwanzo hufanana. Mahali pa namna hiyo mwenye haraka hapati nafasi yoyote ya maana, ila huihatarisha fimbo yake ya kujisukumia, kwa sababu fimbo nyingi huvunjika pale mtu anapoichomeka mbali na mwili na skii ya mwingine ikapita juu ya ncha yake. Weka mikono karibu na mbavu, ncha za fimbo zielekee nyuma karibu na visigino vyako, na usiichomeke fimbo kabla hujaona mahali inapotua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo natamani ulielewe kuliko mengine yote. Skii ya klasiki imepinda kama upinde, na sehemu yake ya katikati, chini ya wayo, ndiyo inayopakwa nta ya kushika. Unapoteleza ukiwa umesimama juu ya skii zote mbili, sehemu hiyo huinuka na kuigusa theluji kidogo tu, ndiyo maana unateleza vizuri. Unapohamishia uzito wote juu ya mguu mmoja na kuukandamiza chini, nta huigusa theluji, inashika kwa kitambo kifupi sana, na hapo ndipo unapopata nguvu ya kujisukuma mbele. Mtu aliyechoka huacha kufanya hivyo. Nyonga zake hurudi nyuma, uzito unabaki umegawanyika kati ya miguu miwili, teke lake, yaani ule msukumo wa mguu, linachelewa, na skii inarudi nyuma kila anapopanda kilima. Wengi wakifika hapo huilaumu nta, kumbe nta ni ileile iliyowashika vizuri tangu asubuhi. Ukianza kuteleza kinyumenyume, basi, kabla ya kulaumu chochote, sogeza nyonga mbele, fupisha hatua, na usimame kikamilifu juu ya mguu mmoja kabla ya kuhamia mwingine. Nimewapita watu wengi kwenye vilima vya mwisho wakiwa na nguvu kuliko mimi, na sababu ilikuwa hiyo tu. Utaweza kuufanya ufundi huo mwishoni ikiwa hukuzimaliza nguvu za miguu mwanzoni, na kwangu mimi hiyo ndiyo maana hasa ya kuwaacha watu wakupite.

Kula kabla hujasikia njaa, kidogo kidogo, kuanzia ndani ya saa ya kwanza. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinawafaa watu wengi. Jaza chupa maji ya moto na uifunge kiunoni ndani ya koti, kwa sababu kifuniko ndicho kinachoganda kwanza. Kwenye mstari wa kuanzia inafaa usikie baridi kidogo, maana anayeanza akiwa na joto la kutosha atalowa jasho, na jasho hilo litamgandisha kwenye mteremko wa kwanza. Mteremkoni kunja magoti na upumzike.

Kuhusu aibu, mkumbuke Philip Boit wa Kenya. Mwaka 1998 kule Nagano, Japani, katika mbio za skii za kilomita 10 za Olimpiki ya majira ya baridi, alimaliza wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, na Dæhlie alimngoja kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Boit alirudi tena kwenye Olimpiki za mwaka 2002 na 2006. Sioni aibu yoyote hapo, wala sitaiona kwako.

Nta ya siku yenyewe siwezi kukuchagulia leo. Inategemea joto, na inategemea kama theluji ni mpya au imeyeyuka na kuganda tena, kwani theluji iliyoganda upya kwa kawaida huhitaji klista, ile nta laini inayonata. Niandikie jioni ya kuamkia mashindano, unieleze joto la hapo na theluji unavyoiona ukiifinya mkononi, nami nitakujibu usiku huohuo. Kama utakuwa bado na shaka asubuhi, chagua inayoshika zaidi, hata ikikupunguzia mwendo kidogo mteremkoni.

Mama yako akupendaye